Kiatu Kilichofumuliwa Mara Tatu

Fundi viatu alikuwa na fahari moja: miaka arobaini na mmoja, hakuna mteja aliyewahi kuchomwa na msumari wake. Kwa hiyo siku alipoona vidoa vyekundu kwenye unyayo wake wa kushoto, vidogo kama vichwa vya pini, alinuna kutwa nzima. Akakifumua kiatu chake mwenyewe, akapapasa ndani kwa kidole. Hakuna kitu. Akakishona. Kesho yake vidoa vikaongezeka. Akakifumua tena.

Wiki tatu kabla, hospitali walimwekea stenti, kijibomba cha wavu wa chuma, ndani ya mshipa wa damu wa paja hilohilo la kushoto, maana damu ilikuwa haifiki mguuni. Akapata nafuu, akasahau. Sasa paja lilikuwa la moto, likimuuma, na jioni homa ikimtetemesha. Lakini homa aliiona ni jambo moja, na kiatu jambo jingine.

Dada yake mkubwa alimkuta anafumua mara ya tatu.

"Umekivaa leo?"

"Tangu juzi sijakivaa, dada. Niko peku."

"Na vidoa?"

"Vinne vipya."

"Basi huo msumari una wivu, unakufuata mpaka kitandani. Mguu wa kulia je?"

"Mzima."

"Stenti iko wapi?"

Fundi akaweka nyundo chini.

"Funga kibanda, twende."

"Nimalizie kushona kwanza."

"Malizia. Ukichelewa utabaki kujishonea cha kulia tu."

Daktari hakukitazama kiatu. Alipapasa mapigo ya damu mguuni, akamtoa damu mikono yote miwili ili maabara waoteshe vijidudu vilivyomo, akaagiza picha ya mshipa, kisha akamtundikia dripu ya dawa. Picha ilionyesha usaha umeizunguka stenti. Vile vidoa ni uchafu uliokuwa ukisafiri na damu kutoka huko juu.

"Dawa peke yake haitoshi," daktari alisema. "Chuma lazima kitoke."

Wakakitoa, wakaunga pengo kwa mshipa uliotolewa mguu wake wa kulia.

"Mmetumia uzi gani?" fundi aliuliza alipozinduka.

Dawa alichomwa wiki sita. Mguu ukabaki. Aliporudi kibandani akakivaa kile kiatu, akaenda mpaka mlangoni, akarudi.

"Kinabana," alisema.

"Umekishona mara tatu," dada akamjibu.

Akakaa, akakifumua.