Niliwasha lathe mpya ikiwa kavu, halafu nikamficha kaka yangu ukweli siku mbili

Wakuu, salaam kutoka Songea, huku baridi ya asubuhi inatutesa kweli kweli.

Uzi huu ni wa aibu yangu mwenyewe. Sijatia chumvi popote. Wale mnaonifahamu kwa sura, naomba mnisome hadi mwisho ndipo mcheke.

Mimi ni mwanamke, fundi wa kukereza vyuma. Miaka tisa nimefanya kazi karakana ya mtu, kwenye lathe kuukuu. Kwa wasiojua, lathe ni mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga. Ndiyo tunayotolea shafti, bushi, puli na vitu vingine vya mashine za kusaga.

Mwaka huu mimi na kaka yangu Fidelis tukaamua kujitegemea.

Kaka ni mkulima wa mahindi, mambo ya chuma hayajui. Aliniambia hivi: "Fundi ni wewe. Mimi nakuamini, usiniulize kila kitu."

Tukaunganisha nguvu, tukaagiza lathe mpya kabisa, ya kufungua kwenye boksi.

Ilipofika Mfaranyaki tulipopanga banda, nilitaka kulia kwa furaha. Imepakwa grisi nzito ya kahawia kila mahali ili isishike kutu safarini. Tulishinda siku nzima tunaifuta kwa matambara na mafuta ya taa. (Msije mkatumia petroli, mtajiunguza. Na msikwangue kwa brashi ya waya, mtachubua reli, zile njia ambazo kisu hutelezea.)

Kesho yake asubuhi kaka akaenda stendi kumpokea mteja wetu wa kwanza, Mama Neema wa Mpitimbi. Mashine yake ya kusaga ilikuwa imekatika shafti, na wanawake wa pale kijijini walikuwa wanabeba mahindi kichwani hadi kijiji cha pili kwenda kusaga.

Nikabaki peke yangu na mashine.

Kwenye giaboksi kuna kidirisha cha kioo cha kuonyesha oil imefika wapi. Nikachungulia. Nikaona rangi ya dhahabu hadi katikati. Safi.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa bado kwenye nailoni yake. Miaka tisa kazini, nisome nini tena?

Nikawasha, mwendo wa chini.

Wakuu, mwanzo ilikuwa tamu. Inazunguka kimya hadi nikawa nacheka mwenyewe. Baada ya dakika kama nne sauti ikabadilika, ukaanza mlio mwembamba kama mluzi. Nikaweka kiganja juu ya giaboksi, nikakitoa haraka. Moto.

Nikazima. Nikafungua mfuniko wa juu, nikamulika kwa tochi ya simu.

Pakavu. Hakuna hata tone.

Ile rangi ya dhahabu ilikuwa doa la grisi ya kiwandani, limeganda kwa ndani ya kioo. Nikachana nailoni ya kile kitabu. Ukurasa wa pili, kwa herufi nene: mashine imesafirishwa bila oil, jaza kabla ya kuwasha.

Nikiwa bado nimekishika, nikasikia sauti ya kaka nje. Nikarudisha mfuniko chapchap.

"Vipi, imeshawaka?" akauliza, uso umejaa tabasamu.

"Bado kaka. Kuna kifaa kimoja nakisubiri."

Hivyo tu. Uongo ulitoka wenyewe, hata sikuutafuta.

Nikamwamkia Mama Neema, aliyeingia nyuma yake. Akaitikia, akaweka vipande viwili vya shafti juu ya meza. "Lini mwanangu?"

"Keshokutwa, mama."

Siku mbili zile sikula vizuri. Kaka anapita Mfaranyaki yote anawaambia watu dada yake ana mashine mpya, waje waone. Kila akilitaja jina langu mimi naangalia pembeni.

Siku ya pili nikampigia aliyenifundisha kazi, Mwalimu Salum, amestaafu yuko kwao Tunduru.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba binti. Sauti yako si nzuri."

Nikamweleza yote.

"Subhanallah. Ilizunguka muda gani?"

"Dakika nne hivi, mwendo wa chini."

"Umeiwasha tena?"

"Hapana."

"Alhamdulillah. Usiiguse. Sasa nijibu, kaka yako anajua?"

"Bado, mwalimu."

"Basi anza hapo," akasema. "Gia tutaziangalia baadaye." Akakata simu.

Nikamfuata kaka nyumbani, nikamkuta anapukuchua mahindi. Nikamwambia bila kuzunguka. Aliendelea kupukuchua gunzi lile hadi likaisha, ndipo akauliza:

"Imekufa?"

"Sijui. Naomba siku moja niifungue nione."

"Chukua siku unazotaka. Ila mimi siku mbili nzima nawasifia watu kitu ambacho wewe unajua kimeharibika. Usinifanyie hivyo tena."

Bora angenitukana.

Kuanzia hapo nikasema hii mashine haitanishinda. Asubuhi nikafungua giaboksi yote ya juu, mwalimu ananiona kwa video ya simu. Nikaosha gia moja moja kwa dizeli safi na brashi laini. Gia moja meno yake yalikuwa yamechubuka. Beringi ya mbele niliiogopa kuliko vyote, maana chuma kikiungua kinaingia rangi ya bluu. Nikaimulika, nikaizungusha kwa kidole, nikaimulika tena. Haikuwa na bluu. Nilikaa chini sakafuni kidogo.

Yale meno nikayalainisha kwa jiwe la kunolea, taratibu, karibu siku nzima.

Kutafuta oil ikawa kazi nyingine. Duka la kwanza muuzaji ananiambia, "Dada, oil ni oil, weka hii ya injini."

Nikakataa. Oil ya injini imetengenezwa kubeba uchafu hadi kwenye filta, na giaboksi yangu haina filta, kwa hiyo uchafu ungebaki unazunguka kwenye gia. Kitabu kilitaka oil ya haidroliki namba 46. Nikazunguka mji mzima, nikaipata kwenye duka la spea za trekta.

Nikasugua kile kioo kwa ndani hadi kikawa cheupe. Nikajaza. Nikaizungusha mwendo wa chini kabisa dakika ishirini, nikamwaga oil yote kupitia kitambaa cheupe. Kitambaa kikabaki na vumbi la chuma linametameta.

Nikajaza mpya, nikamwaga tena. Vumbi likapungua.

Mara ya tatu nikapitisha sumaku kwenye kitambaa, haikunasa kitu.

Nikakereza kipande cha majaribio, nikapima mwanzo na mwisho. Tofauti haikufika hata unene wa unywele. Kaka alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Nilipomwonyesha kipimo akauliza, "Hiyo ni nzuri au mbaya?" Nikamwambia nzuri. Akatoka nje, nikamsikia anapumua kwa nguvu.

Mama Neema alisubiri wiki nzima badala ya siku mbili. Alipokuja kuchukua shafti nikamweleza ukweli na yeye.

"Nilijua kuna jambo," akasema. "Siku ile ulikuwa unaongea na meza, hukuongea na mimi." Akaibeba shafti yake begani. Jioni ile ile akapiga simu nisikie mashine inavyounguruma kule Mpitimbi, na watu wanavyogombea foleni.

Sasa hivi kila asubuhi, kabla sijagusa swichi, napaka oil kwenye reli, naweka tone kwenye kila tundu la oil, nazungusha chaki, ile taya inayoshika chuma, kwa mkono. Jioni natoa vyuma vidogo kwa brashi. Situmii upepo wa kompresa, unavisukuma kuingia chini ya vitelezi vinavyobeba kisu na humo vinasaga reli kimyakimya.

Funzo langu, wakuu: uzoefu wa mashine kuukuu usikufanye udharau kitabu cha mashine mpya. Ukiharibu kitu cha watu wawili, mwambie mwenzako siku hiyo hiyo, hata kabla ya kumpigia fundi.

Mashine haikurudi kuwa mpya. Ile gia iliyochubuka bado inatoa mlio mdogo kwenye mwendo wa kati. Wateja hawausikii. Mimi nausikia kila siku, na nimeamua nitaufanyia kazi hadi nipate gia nyingine.

Mafundi wa Njombe, Mbinga na kwingineko, oil ya reli za lathe mnaipata wapi? Huku ni shida. Na wewe uliyewahi kuua au kuokoa mashine, andika hapo chini. Nitasoma zote, hata za kunisema.