Eksirei wa Getini

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Kiwanda kizima, kuanzia meneja hadi mfagiaji, kilimwita Eksirei, na yeye alilipokea jina hilo kama mtu anayevalishwa nishani. Kazi yake ilikuwa kuwakagua wanawake getini saa kumi na nusu jioni, wakati washonaji mia mbili na ushee wanatoka wakiwa hoi, kila mmoja na begi lake na haraka zake. Kuwapekua wote mwilini kungechukua mpaka giza liingie. Eksirei aliwapekua kumi au kumi na watano tu, na hao aliwachagua kwa sura.

Alikuwa na utaratibu wake, na aliusimulia kwa yeyote mwenye dakika mbili za kupoteza. Kwanza unamuuliza mtu jambo la bure bure, mtoto ameamkaje, leo unapika nini, ili uuone uso wake ukiwa umetulia. Halafu, bila kubadilisha sauti, unamuuliza kama amebeba kitu. Hapo ndipo unapotazama. Anayemeza mate, anayekwepa macho, anayecheka kwa mdomo huku macho hayacheki, huyo unamwita kando. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ametoa kwenye soksi na sidiria za watu mikasi, bitana, vibiringo vya uzi, na siku moja kola kumi na mbili za mashati zilizozungushwa tumboni kama mkanda wa mzazi. Mara alizokosea hakuna aliyezihesabu, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza kutozihesabu.

Kichwa kilimvimba, na meneja akazidi kukijaza upepo. Alianza kumwita ofisini hata kwa mambo yasiyomhusu, aje akae pembeni akimsikiliza fundi mitambo anavyoeleza kwa nini amechelewa, kisha baadaye amwambie meneja lipi la kweli na lipi la kutunga. Meneja naye alipenda kujifunza. Alimuuliza dalili moja moja, akazishika.

Mwanafunzi wake wa kwanza, hata hivyo, alikuwa mdogo wake. Alimlea tangu mama yao alipofariki, na alipokua akamtafutia kazi palepale kiwandani, meza ya kutia zipu. Kabla mdogo hajaolewa waliishi chumba kimoja, na wakishakula walikuwa na mchezo wao. Mdogo anaficha kifungo kwenye ngumi moja, ananyoosha mikono yote miwili, na Eksirei anamtazama usoni na kusema kiko wapi. Miezi ya mwanzo mdogo alishindwa kila mara. Eksirei alimcheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akamweleza alipokosea: umeutazama mkono wenye kifungo, umebana pumzi, pua imetanuka.

"Ukitaka kunidanganya mimi, usianze na uso," alimwambia. "Anza na moyo. Jiambie mwenyewe kwamba kifungo hakipo, mpaka uamini."

Mdogo alisikia. Mwaka ulipokwisha alikuwa anashinda mara nyingi kuliko anavyoshindwa, na Eksirei akajivuna kama mwalimu ambaye darasa lake limefaulu lote. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza mafunzo ya namna ile yana kazi gani maishani. Yeye aliona ni mapenzi ya ndugu wawili, na pengine kweli yalikuwa mapenzi.

Kisha zipu zikaanza kupotea. Hazikupotea moja moja. Yalipotea mabunda, dazeni kwa dazeni, kila bunda likiwa na utepe wa kijani ambao mtunza stoo aliufunga kwa mkono wake mwenyewe, fundo la masikio mawili. Meneja alitangaza kwamba wanaofika kwenye rafu ya zipu ni wanawake wanane tu, na kwamba mmoja wao atamwaga unga kabla wiki haijaisha. Polisi hakuwaita. Alimwita Eksirei.

Wanane hao waliingia ofisini mmoja mmoja, wakaketi kwenye kiti cha plastiki, mwanga wa dirishani ukiwapiga usoni. Mdogo wake alikuwa wa tatu. Eksirei alimuuliza kama alivyowauliza wengine, na mdogo akajibu ametulia tuli, kisha akaomba arudi upesi kwa sababu ameacha mashine inawaka. Wa saba alikuwa mpiga pasi.

Huyu alikuwa mwanamke wa makamo, asiye na maneno mengi, ambaye Eksirei aligawana naye benchi la chakula cha mchana tangu wote wawili walipoajiriwa. Walikuwa wamezikiana wazazi. Eksirei alimuuliza mwanawe hajambo, akajibu hajambo, sauti imemkauka. Akamuuliza kama amechukua zipu. Mpiga pasi alisema hapana, na alipokuwa akisema macho yake yaliondoka usoni mwa Eksirei, yakaenda kutua kwenye kabati la mafaili. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Akameza mate mara mbili.

"Nitazame mimi," Eksirei alisema.

"Nakutazama."

"Hunitazami. Unatazama kabati."

Mpiga pasi alijitahidi kuyarudisha macho. Yalikaa kitambo kidogo, yakielea, kisha yakaenda tena kabatini.

Eksirei aliumia, tusimwonee. Lakini chini ya maumivu yale palikuwa na utamu, utamu ule ule wa kupatia kifungo kiko ngumi gani, na utamu ndio ulioshinda. Alimgeukia meneja, akaitikia kwa kichwa. Hakuna aliyelipekua begi la mpiga pasi, wala aliyekwenda kutazama nyumbani kwake. Sura ilitosha. Jioni ile alitoka na kandambili zake na kikombe chake ndani ya mfuko wa nailoni, akapita getini bila kumuaga mtu, ameugeuza uso ukutani. Eksirei alijisemea kwamba ile ndiyo aibu ya mwizi. Na kwa kuwa baada ya hapo zipu ziliacha kupotea, kila mtu aliridhika.

Miezi miwili baadaye, Jumapili mchana, zipu ya sketi ya sare ya Eksirei ilikatika. Akaipeleka kwa mdogo wake, ambaye sasa alikuwa na nyumba yake mtaa wa pili, na cherehani ya kushonea majirani karibu na dirisha. Mdogo alikuwa ametoka mara moja kununua uzi. Mlango wa ndugu hauna hodi ndefu, kwa hiyo Eksirei aliingia, akavuta droo ya cherehani kutafuta zipu nyeusi.

Alikuta zipu za kutosha shule nzima. Mabunda sita, utepe wa kijani, fundo la masikio mawili.

Mdogo aliingia na uzi mkononi. Alimwona dada yake, akaiona droo.

"Hizo nilinunua sokoni, dada," alisema. "Kuna mtu anauza mabaki ya viwandani."

Hapa ndipo penye uchungu wenyewe, maana uso ule ulikuwa unasema kweli. Macho yalitulia kwenye macho ya dada, pumzi ilikwenda taratibu, hakuna kilichotikisika. Kama lile fundo lisingekuwa mkononi mwake, Eksirei angekula kiapo kwamba mtoto huyu uongo haujui. Alimkodolea macho akitafuta japo ufa mdogo, asiuone. Uso aliouosha kamasi tangu utotoni hakuujua tena. Aliunyanyua utepe wa kijani, akauning'iniza kati yao.

Mdogo aliutazama, kisha akaketi kitandani kama mtu aliyetua ndoo.

"Kila jioni nilipita mbele yako nazo kiunoni," alisema. "Ungenigusa siku moja tu ungezikuta. Hukunigusa."

"Na yule mama? Ulimwona anaondoka na kikombe chake."

"Wewe ndiye uliyesema ni yeye, dada. Mimi sikumtaja mtu."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na lilimchoma kuliko uongo wote aliowahi kuufichua.

Jumatatu asubuhi Eksirei alipiga moyo konde, akabisha hodi kwa meneja. Alimweleza kwamba alikosea, mpiga pasi hakuiba, arudishwe kazini. Meneja aliweka kalamu chini, akauliza kama si yeye, basi ni nani. Jina lilikuwa limeshafika mdomoni. Lilikuwa jina la mtoto aliyembeba mgongoni akiwa na homa, aliyemfunga kamba za viatu siku ya kwanza ya shule. Eksirei akameza mate. Macho yakamkimbilia dirishani. Akasema hajui.

Meneja alitabasamu.

"Unanidanganya," alisema, wala hakukasirika. "Umemeza mate, umekwepa macho. Si wewe mwenyewe uliyenifundisha? Unamwonea huruma rafiki yako, naelewa. Nenda kazini."

Kwenye korido alihisi miguu imekuwa myepesi, na ilimchukua hatua kadhaa kutambua kwamba ile ilikuwa ahueni. Mdogo wake amepona, na yeye hakulazimika kufungua mdomo. Alijichukia, alijichukia sana, lakini ofisini hakurudi.

Alikaa na donge hilo wiki nzima. Jumamosi alasiri akaenda kwa mpiga pasi. Alimkuta ameketi kwenye mkeka na sinia la maharage mapajani, anachambua kwa vidole, punje baada ya punje.

"Nani?" mpiga pasi aliuliza, ingawa mlango ulikuwa wazi na jua lilikuwa kali.

Eksirei alidhani anabezwa, akaona anastahili. Akajitaja. Mpiga pasi aliacha maharage, akageuza kichwa, macho yakatua kwenye jiko lililokuwa kwenye kona.

"Ingia, ukae," alisema. "Usione kama nakukwepa. Nina doa katikati ya macho, huu mwaka wa pili. Nikikutazama moja kwa moja sikuoni, naona doa tu. Nikitazama pembeni ndipo nakupata kidogo."

Eksirei aliketi mkekani. Alimuuliza kwa nini hakusema siku ile.

"Niseme mbele ya meneja? Mpiga pasi asiyeona?" Mpiga pasi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Nilishaunguza mashati mawili, nikayaficha chini ya meza. Hicho ndicho nilichokuwa nakificha. Na nilikuogopa wewe kuliko meneja, maana nilijua utaona kwamba nina jambo."

Na kweli aliona. Aliuona woga wote, hakuukosea hata chembe, akaupa jina la wizi kwa sababu hilo ndilo alilokuja akilitafuta.

Akasema yaliyomleta. Kwamba alikosea, kwamba sasa anamjua mwizi, kwamba alikwenda kwa meneja akashindwa. Mpiga pasi aliuliza mwizi ni nani. Eksirei alikaa kimya, na kimya kikaendelea mpaka yule mwingine akaanza kutikisa kichwa polepole.

"Basi ni wa nyumbani kwako," mpiga pasi alisema. Uso wa mtu hakuuhitaji kulijua hilo.

Eksirei alilia, akamwomba msamaha, akarudia kuomba. Mpiga pasi alirudisha vidole kwenye sinia, akapapasa, akapata kijiwe, akakitupa nje ya mlango. Kisha akasema, kwa sauti yake ya siku zote, kwamba amemsamehe, yameisha, aende salama.

Eksirei aliinua uso haraka, kama alivyozoea getini, kuona kama ni kweli. Aliutazama mdomo, akaitazama pua, akalitazama koo. Macho ya mpiga pasi yalikuwa kwenye jiko.