Chupa Iliyozunguka Ukumbini

Mpaka leo nikiona chupa ya kifuniko chekundu masikio yananiwaka. Nilikuwa na shahada mpya ya baiolojia na mkataba wa miezi mitatu katika hospitali moja huko Hola, nikapewa dakika kumi za kuwafungulia madaktari wa watoto semina kuhusu tiba ya kuotesha upya tishu za mwili. Ningefanya vizuri, mkataba ungeongezwa. Wiki nzima nikawaza: slaidi tupu zitawachosha (niliwaona kabisa wakipiga miayo), heri niwaonyeshe kitovu halisi, waone seli shina, zile zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, zinatoka wapi.

Asubuhi ile alikuwa amejifungua binti mmoja wa Kinakomba. Nikamwomba kipande cha kitovu. Akaguna, macho amefumba kwa uchovu, nami nikaamua kwamba mguno ule ni ndiyo, nikakikata na kukitia katika chupa ya kifuniko chekundu.

Chupa ikazunguka ukumbini mkono kwa mkono. Nikawa naeleza jinsi seli hizo zinavyoweza kuwatibu watoto wenye maradhi ya damu, mara akaingia mama yake yule binti, amebeba ndoo. Ndani mlikuwa na kondo ya nyuma, ambayo kwao huzikwa nyumbani ikiwa nzima.

"Kitovu cha mjukuu wangu ki wapi? Nimepewa nusu. Nikazike nusu, mtoto aje kuambiwa si wa kwetu?"

"Kipo, bibi, kipo," nikasema, nikageukia meza. Chupa haipo! Madaktari wazima wakaanza kuinama chini ya viti na kupekua mikoba. Daktari mkuu akaniuliza polepole (afadhali angefoka), "Uliomba ruhusa kwa nani?"

Ilipatikana nyuma kabisa, kando ya sinia la sambusa.

"Twende," bibi akasema. "Uliyekata ndiye utakayechimba."

Nikachimba Kinakomba, kando ya migomba, na tai shingoni. Bibi akasimama juu yangu. "Yale ya kuponya damu, ni kweli?"

Nikamweleza yote, bila slaidi, hata nikasahau jembe. Alisikiliza kuliko ukumbi mzima.

"Kifungua mimba wangu alikufa kwa maradhi ya damu," akasema. "Ungeniuliza, ningekukatia mwenyewe."

Mkataba haukuongezwa, na sikushangaa. Lakini tangu siku hiyo naomba, nangoja jibu la mdomo, kisha nauliza: nani mwingine nyumbani niongee naye?