Kasuku Mwenzangu

Mwaka 1990, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na mama akaanza kufagia maofisi. Mimi kusoma sikujua. Chuoni nilihifadhi Kurani kwa masikio tu, mpaka maalimu akanigundua, akaniita kasuku mbele ya wenzangu.

Juzi mwanangu alinionyesha, kwenye makumbusho, majani makavu yaliyoandikwa maneno ya Buddha. Nikamkumbuka Anko Sena, mtu wa Sri Lanka, mwenye duka pale mtaani kwetu Tooting, huku ughaibuni. Alasiri moja ya mwaka ule nilimkuta kwenye harufu ya udi na samaki mkavu, anaghani maneno ya dini yake, na kitabu hana. Nikajua huyu mwenzangu.

"Anko, na wewe hujui kusoma?" nikamnong'oneza.

Alicheka mpaka akakalia gunia. "Maneno haya yalikaa vinywani mamia ya miaka. Mtawa akikosea, wenzake wanamsahihisha. Njaa ilipowaua wengi, waliobaki wakachelea yasije yakapotea, ndipo wakayaandika kwenye majani."

"Kwa hiyo wote walikuwa kasuku?"

"Wote, binti."

Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Leo nina duka lile lile, nyumba ya vyumba vitatu na gari la mizigo. Bei zote nimezihifadhi kichwani, ila siku hizi zimeanza kunitoka. Kwa hiyo najifunza kuandika, na daftari ninalo.