Mume Nyuma, Mke Mbele

Nikiwaambia wajukuu kwamba niliendesha pikipiki zamani za Mwingereza, wanatazamana, wanasema bibi kaanza kuota mchana. Wacheke tu. Babu zao walicheka vile vile, tena walicheka mpaka nikatamani niwapitie juu na magurudumu. Sijawasamehe. Hawajaniomba msamaha pia, basi hatudaiani maneno.

Pikipiki ilikuwa ya mume wangu. Alikuwa mchimbaji wa dhahabu Nyarugusu, na bwana wake, Mzungu mmoja mlevi, alipofunga virago alimwachia ile pikipiki badala ya kiinua mgongo. Mume wangu akarudi nayo kijijini kwetu, karibu na Ibadakuli, juu ya lori, yeye na pikipiki wote wamelazwa kwenye magunia. Jiwe lilikuwa limemponda mguu shimoni, na kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Daktari wa Shinyanga mjini akasema kidonda kisafishwe hospitali kila wiki, la sivyo atakata mguu. Kutembea hakuweza. Mkokoteni wa ng'ombe tuliujaribu, ukamrusha njia nzima mpaka akazimia. Ikabaki pikipiki, na wa kuiendesha nikabaki mimi.

Alinifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda uani. Hii klachi, hii gia, hii breki, na usizishike zote kwa pamoja kama unakamua ng'ombe! Nilimtukana kimoyomoyo, lakini nilielewa.

Shida ni kwamba haikuwaka mpaka isukumwe, na nani angenisukumia? Wanaume walikuwa wamekaa kando wakingoja nianguke. Aliyekuja ni mwanamke wa Tabora aliyeolewa kwetu, Mwislamu, mpika maandazi, mwenye mdomo usio na breki. Akaja na mke mdogo wa mkubwa wa baraza la kijiji, msichana mpole ambaye hata mumewe hakuwa amewahi kumsikia akicheka. Siku ya pili akajiunga mjane aliyeuza maziwa, akasema anataka kufika soko la Songwa, kule kwenye mgodi wa almasi, maziwa yake yakiwa hayajachacha. Tukawa wanne na pikipiki moja.

Tulijifunzia kwenye uwanja wa ndege wa Ibadakuli, siku ambazo hakuna ndege. Tulivaa kaniki, tukazikunja katikati ya miguu na kuzifunga nyuma kama kaptula. Mmoja anapanda, watatu wanasukuma, ikiguruma tunapiga vigelegele mpaka koo linauma. Na tulikuwa na sheria yetu moja: aliyeanguka haharakishwi kuinuka. Wote tunakwenda kukaa naye vumbini, pale pale alipoangukia, mpaka mwenyewe aseme twende. Yule wa Tabora alikuwa akianguka anatukana kwanza, halafu anaomba tumbaku ya kunusa, na sisi tumekaa naye tu kama watu walioalikwa. Sijawahi kupata raha ya namna ile tena, hata kwenye harusi za wanangu.

Nikaanza kumpeleka mume wangu hospitali. Hapo ndipo wanaume walipotuonyesha roho zao. Mwanamke kuendesha, hilo walikuwa wamekwisha kuzoea kulicheka. Lakini mwanamume kukaa nyuma, amemkumbatia mkewe kiunoni mchana kweupe! Tukipita tu barazani wanasimama. "Gunia la pamba hilo, linakwenda kupimwa!" "Mayu, mama we, likaze kamba, litadondoka!" Mume wangu, mtu aliyekuwa akishuka shimoni wenzake wakiogopa, akawa anajifunika blanketi kichwani tangu tunapotoka uani. Nilikuwa nasikia anavyohema chini ya lile blanketi, na ninawachukia wote, mmoja mmoja, kwa uso wake.

Mkali kuliko wote alikuwa shemeji yangu, kaka wa mume wangu. Huyo alikuwa na lake. Aliitaka pikipiki. Akaipeleka habari kwenye dagashida, baraza la wanaume wa kijiji, akasimama na fimbo yake akasema nimemkalia ndugu yake kichwani, na kwamba pikipiki ikae kwake, yeye ndiye atakayempeleka mgonjwa hospitali akipata nafasi. Akipata nafasi! Mtu huyo mazishi ya shangazi yake alifika watu wanakunja mikeka.

Nilisema sitoi. Nilisema ng'o, wakiwepo wazee na vijana. Basi wakanitenga.

Kutengwa kwetu si mchezo. Hakuna kukusalimu, hakuna kuchota maji nawe, hakuna kukupa moto wala kupokea moto wako. Atakayefanya hivyo naye ametengwa, na atakayekula chakula kilichopikwa kwa moto huo naye ametengwa. Mkubwa wa baraza aliyatamka yote hayo kwa sauti ya kupendeza, wenzake wakigonga fimbo chini. Mume wangu usiku ule hakula. Akaniambia, "Mpe hiyo pikipiki, yaishe." Nikamwambia, "Mguu wako nao nimpe?" Akageukia ukutani.

Wiki ile hatukwenda hospitali, maana pikipiki haisukumwi na mtu mmoja. Nilikuwa nachemsha maji, naosha kidonda, nalia kwa hasira. Ngozi ilianza kuwa nyeusi kuelekea kifundoni. Niliwasalimu watu kisimani, "Mwangaluka," wakatazama mitungi yao. Hata wale watatu sikuwaona.

Sasa nisikilizeni. Wale wanaume na fimbo zao walikuwa hawajui kitu kimoja, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda kuomba moto. Vibiriti vilikuwa dukani kwa Mhindi, nani alivipoteza kwa kuwashia jiko? Moto wa asubuhi unauomba kwa jirani ambaye wake haukuzimika. Na tangu mume wangu aumie, nyumba ambayo moto wake haukuzimika ilikuwa yangu, kwa ajili ya yale maji ya kidonda. Wake zao walikuwa wakija kwangu na vigae vya kubebea makaa kabla waume hawajapiga mwayo. Bebe! Wamekataza moto, wasijue moto wanaoula kila siku unatoka wapi.

Siku mbili tatu wanawake walihangaika. Asubuhi moja yule mke mdogo, yule mpole, akaingia uani kwangu na kigae mkononi. Hakunong'ona. Akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ua, "Shoga, nipe moto." Nikamwambia, "Utatengwa." Akaketi chini, vumbini, pembeni yangu, kama tulivyokuwa tukifanya uwanjani. Nyuma yake akaja wa Tabora, akaketi. Akaja mjane, akaketi. Walikuwa wamekubaliana siku zote zile nilizowadhania vibaya. Kisha wakainuka na makaa yao, na majirani zao wakaenda kuomba kwao, na majirani wa majirani.

Mchana akaja mama mkwe. Mama huyu alikuwa hajasema nami tangu nipande pikipiki, na aliishi kwa yule shemeji. Alisimama na kigae chake, mwanawe mkubwa akimfokea kutoka mlangoni kwake, "Mama, rudi! Mama!" Hakugeuka. Akaniambia, "Nipe moto. Anayelala humo ndani nilimzaa mimi pia." Nikampa. Hakushukuru, na mimi sikumkaribisha kukaa. Hatukupendana siku ile wala baadaye, lakini kaa lile nililichagua kubwa.

Jioni wazee walipokutana, wa Tabora akapita mbele yao na sinia lake la maandazi kichwani, akapunguza hatua. "Shikamooni. Mmekula leo?" Wakajibu kwa kiburi kwamba wamekula, wameshiba. "Alhamdulillahi. Mmepikiwa kwa moto wa nani?"

Nasikia mkubwa wa baraza alimwita mkewe mdogo, akamuuliza, na yule binti akamjibu akimwangalia usoni. Kwa sheria yao wenyewe walikuwa wametengwa wote, fimbo zote zile, na shemeji yangu akiwemo, tumbo lake limejaa ugali wa moto wangu. Wakasema shauri limekwisha. Hawakuja kuniambia, walituma mtoto. Nikasonya.

Kesho yake wale watatu walikuja kusukuma. Mume wangu nilimpandisha, nikamfunga mguu kwenye ubao, nikampa blanketi lake. Daktari alikuwa amesema kila wiki, na sisi tulikuwa tumepitisha, nilikuwa na hofu. Nilitaka kukimbia tu. Tulipolikaribia baraza niliwaona wamekaa pale, shemeji katikati yao, nikavuta mafuta tupite kama upepo.

Nikahisi kidole kinanigonga begani. Nikageuka kidogo. Blanketi alikuwa amelikalia, kichwa kiko wazi, ametoa uso wote juani.

"Punguza mwendo," akaniambia. "Wanione vizuri."