Majina ya Ijumaa

Mzee Saadi Kondo alipostaafu ualimu, alinunua mashine ya kurudufu ya kuzungusha kwa mkono, akaanzisha gazeti la kurasa nne pale Kibiti. Aliliita Mwangwi. Lilitoka kila Ijumaa na bei ya ufuta, habari za tembo walioingia mashambani Mloka, nani kaoa na nani kazikwa. Mkewe alikunja, wanawe walisambaza. Alipofariki, bintiye Faudhia akalishika; mashine ikaingia stoo, kompyuta ikachukua nafasi yake.

Miaka ikapita, wasomaji wakahamia kwenye simu. Siku moja Twalibu, mdogo wake, akaja kutoka Dar es Salaam.

"Dada, tulifunge. Baba mwenyewe angekuwepo angelifunga."

"Baba hayupo. Mimi nipo."

Hawajamaliza ubishi, mto ukafurika. Watu wakatawanyika, huyu shule hii, yule kambi ile, mke hajui mume kaangukia wapi. Umeme ukakatika, simu zikaisha chaji. Faudhia akachukua daftari, akapanda bodaboda. Siku tatu alizunguka makambini, matope hadi magotini, akiuliza kila mtu: jina lako nani, umetoka wapi, unamtafuta nani? Alirudi na majina mia nne na kumi na mawili.

"Utayachapaje bila umeme?" aliuliza Twalibu.

Faudhia alifungua stoo, akaivuta ile mashine ya baba yao. Wino ulikuwa umeganda kama lami. Akaulainisha kwa mafuta ya taa. Akaketi kwenye taipureta ya baba, akagonga stensili, zile karatasi za nta za kurudufia, polepole. Ya tatu ikachanika. Akaitupa, akaanza upya. Twalibu alimtazama weee, mwisho akakunja mikono ya shati, akashika mpini, akazungusha mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Ijumaa ile Mwangwi likatoka na majina ya watu na vijiji vyao tu, likabandikwa misikitini, mashuleni na hospitalini Mchukwi.

Jumatatu akaingia Mwanahawa, mwanamke wa visiwa vya delta ya mto, gazeti mkononi, uso umekunjamana.

"Mama yangu nimempata. Lakini ninyi mmemwandika Binti Sufiani. Yeye ni Binti Mrisho! Nililipita jina lile mara mbili. Nisingeona jina la kijiji chetu, ningemkosa."

"Niwie radhi, dada yangu," alisema Faudhia. " Kosa ni langu."

Siku hiyohiyo yeye na Twalibu wakarudi makambini, wakamsomea kila mtu jina lake. Makosa yalikuwa tisa. Ijumaa iliyofuata yote yalisahihishwa ukurasa wa kwanza.

Maji yalipopungua, wengi walikuwa wameshaonana na watu wao. Kumi na wanne kati ya waliotafutwa hawakuonekana. Twalibu hakutaja tena kulifunga gazeti. Alichouliza kabla ya kupanda basi ni kama hao kumi na wanne waendelee kuandikwa.

"Mpaka watu wao waseme basi," alisema Faudhia.

Hakuna aliyesema basi. Kila Ijumaa wamo.