Mkono wa Kulia wa Mnyonge

Mume wangu alipopata kiharusi, upande wa kulia ndio ulioondoka. Mguu ulirudi kiasi, anauburuta. Mkono haukurudi. Maneno yanakuja moja moja, na ukimsaidia kuyamalizia anakukata jicho. Kwa hiyo mkono wake wa kulia nikawa mimi: nimkate kucha, nimfunge vifungo vya shati, nimtolee miba kwenye samaki wake wa mgebuka. Sisemi haya ili nionewe huruma. Nasema kwa sababu nilikuwa nimechoka, uchovu ule wa kuamka nao asubuhi, na kila aliyekuja kumjulia hali aliniambia nimshukuru Mungu. Nilishukuru. Uchovu ukabaki palepale.

Tuna banda la gemu hapa Rusimbi, mbele ya nyumba, mabati matupu na pazia mlangoni. Alilifungua yeye alipoacha kazi ya kubeba mizigo bandarini. Wenzake walimcheka, mtu mzima na michezo ya watoto. Wateja wengi hucheza mpira, lakini runinga ya pembeni ni ya gemu la kupigana, na pale palikuwa pake. Ukishinda unabaki, ukifungwa unapisha. Yeye alikuwa anabaki mpaka watu wanaudhika.

Mpiganaji wake ni mmoja tu, mtu wa karate mwembamba, suruali ya bluu, kifua wazi, mbavu zote zinaonekana. Vijana walimpachika jina la Mnyonge na hakuna aliyekuwa anamchagua. Ngumi zake hazina uzito, haruki, harushi moto kama wale wengine. Anachojua ni kusubiri. Ngumi ya adui inapofika, palepale inapofika, unabonyeza mshale wa nyuma, Mnyonge anaudaka mkono. Papo hapo unabonyeza kitufe, naye anambwaga yule mtu kwa nguvu za huyohuyo aliyepiga. Ukiwahi, umepigwa. Ukichelewa, umepigwa. Mume wangu alikuwa anasema hilo ndilo gemu lenyewe, mengine yote kelele.

Baada ya kuugua akawa anashinda barazani. Bandani hataki hata kuchungulia. Mazoezi aliyoelekezwa hospitalini akayaacha, na nikimkumbusha anageuzia uso ukutani. Hilo lilinitisha kuliko ule mkono. Nimeolewa na mtu mbishi, anayeweza kubishana na redio, na sasa alikuwa anakubali kila kitu. Chakula kimepoa, anakula. Shati limechanika kwapani, anavaa. Niliona anaondoka huku amekaa, na sikujua nimshike wapi.

Alasiri moja hasira zikanipanda. Nilimshika kwapa nikamwingiza bandani, nikamkalisha kwenye benchi mbele ya runinga yake, nikakaa kuliani kwake bega kwa bega, padi ya kuchezea nikaiweka katikati ya mapaja yetu.

"Wewe mishale, mimi vitufe," nikamwambia. "Au na wa kushoto nao umekufa?"

Alinikata jicho. Kisha akashika.

Tulicheza vibaya sana, ila tulicheza. Nilikuwa sijui chochote, nabonyeza ninachokiona, na yeye anapumua kwa nguvu puani kama zamani. Kesho yake akanitangulia kuingia. Siku zilivyokwenda tukaanza kushinda. Vijana wa bodaboda wakawa wanapiga makofi, "Mzee unatisha! Noma sana!" Mimi nilifurahi hadi nikawa naunguza maharage. Nilidhani nimempata.

Halafu akaacha tena. Sababu niliidai mwenyewe, nikisimama mbele yake barazani nimemzibia mwanga.

"Wananiachia," akasema.

Nikaenda kuangalia, nikaona kweli. Jioni hiyo nilimkokota tukacheza na kijana mmoja wa bodaboda, na macho yangu nikayaweka kwenye vidole vyake, siyo kwenye runinga. Mpiganaji wake alisimama anapigwa, na yeye dole gumba amelilaza pembeni, limepumzika. Nilifoka hadi wacheza mpira wakageuka. Kijana wa watu akanijibu kwa upole, "Mama, mzee anaumwa. Nitampigaje mzee?" Hiyo ndiyo adabu tuliyowalea nayo wenyewe. Mkubwa humpigi, sembuse mgonjwa. Walikuwa wanampa heshima, na heshima yenyewe ndiyo ilikuwa inamzika.

Alirudi barazani. Safari hii sikumsumbua. Sikuwa na nguvu ya kumsumbua.

Ndipo akaja binti mmoja kutoka Kagunga, aliyeshuka na boti na magunia ya dagaa, akataka kuchaji simu yake akisubiri safari ya kurudi. Alitusalimu "Mwiriwe" kwanza, halafu alipomwona mume wangu vizuri akaongeza shikamoo. Simu ikachajiwa, yeye akawa anazungukazunguka bandani, akaiona ile runinga ya pembeni imekaa bure.

"Hakuna wa kucheza naye hili?"

Nikasema mwenye gemu hilo anaumwa. Nilisema kwa sauti ya kawaida, lakini pazia lilikuwa limefungwa upande na mume wangu alisikia. Akainuka. Alichukua muda mrefu kufika kwenye benchi na sikumshika, maana jicho alilonikata lilitosha.

Yule binti alitutazama tunavyoshika padi moja watu wawili. Hakusema pole. "Kwetu nacheza na kaka zangu, na hawaniachii," akasema. "Sijui kucheza kwa adabu, mzee."

"Piga," mume wangu akajibu.

Akapiga. Alichagua lile jitu lenye shingo nene, akatubamiza kwenye ukingo wa runinga mpaka nikaona aibu. Mnyonge anainuka, anabwagwa. Anainuka, anabwagwa. Nilitamani nimwambie yule binti achukue simu yake aende, chaji imetosha. Nikamgeukia mume wangu kuona kama analia.

Alikuwa anatabasamu, kwa ule upande unaoweza.

"Tena," akasema.

Tukacheza tena, tukafungwa tena. Binti akaweka padi yake chini, akawa anajikuna shingo, mtu mwenye neno asilojua alianzie wapi.

"Mama, usinichukie. Anayechelewa ni wewe. Mzee anaudaka mkono kila mara, sawasawa kabisa. Ila kitufe hakiji."

Mimi? Mimi niliyeacha kila kitu nikakaa kwenye benchi hili? Lakini nilipocheza mchezo uliofuata nikijichunguza, nikaona anasema kweli. Nilikuwa sibonyezi mpaka nihakikishe kwanza kwa macho kwamba Mnyonge amedaka. Sikuuamini ule mkono wa kushoto. Nilikuwa nausubiri ukosee, nikae tayari, kama ninavyokaa tayari anapopanda ngazi ya barazani, anaposhika kikombe, anapofungua mdomo. Na hapo katikati, wakati mimi nahakikisha, tulikuwa tunapigwa.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Ego," akajibu. Ndiyo.

"Tangu lini?"

Alinyanyua bega moja. Tangu mwanzo.

"Sasa mbona hukuniambia? Umekaa unafungwa mbele za watu, umenyamaza tu?"

Neno lilikuwa linamjia. Nililiona linapanda kooni, linakwama, linarudi. Mdomo uliniwasha kumsaidia, lakini nikaubana. Wateja wote walikuwa wanatusikiliza na wala sikujali.

"Umechoka," akasema.

Ndugu, majirani, wa msikitini, wote walipita kwetu, na wote walimpa pole mgonjwa. Hilo neno hakuna aliyenipa. Lilitoka kwenye mdomo ambao kila neno linaugharimu, na kumbe alikuwa nalo muda wote huo, kila mara nilipochelewa. Nikalia palepale kwenye benchi, mtu mzima, mbele ya wateja. Binti wa Kagunga akajifanya anaiangalia simu yake.

Mume wangu alinisubiri kidogo, siyo sana. Kisha akaigonga padi kwa kidole cha kushoto.

"Tena."

Nikafuta macho kwa ncha ya kanga, kwa mkono wa kushoto. Wa kulia niliuacha kwenye vitufe.